Safu ya Kumi na Moja

Karatasi ya kitanda namba saba ina safu kumi:
joto, mpigo, pumzi, shinikizo la damu,
dawa, saa, mkojo, choo, sahihi,
na moja nyembamba iliyoandikwa "mengineyo".

Siku ya kumi na nane
jeraha la Zihalirwa bado limekodoa jicho.
Aliteleza na gunia la saruji mteremko wa Kadutu,
jiwe likampasua muundi.
Tumebadilisha dawa mara tatu.
Tumeosha, tumefunga, tumefungua.
Daktari amesema: tusubiri.
Jeraha nalo limesema vilevile.

Mimi, Byamungu, mwuguzi wa zamu ya mchana,
somo la lishe nilifundishwa Jumamosi alasiri,
mvua ya Bukavu ikipiga bati
hadi mwalimu akaacha kusema, akaandika tu ubaoni:
vya kujenga, vya kulinda, vya kutia nguvu.
Tulikariri kama katekisimu.
Nilipata kumi na sita kwa ishirini,
nikalifunga daftari.

Hospitali yetu haipiki.
Kila mgonjwa chakula chake hushuka mlimani kwa miguu,
kimefungwa kitenge, kimebebwa kichwani,
na mimi miaka yote nimewasalimu wabebaji nikitazama pembeni.
Kuchungulia sufuria ya mtu ni utovu wa adabu.
Mama alinichapa kwa kosa hilo.

Leo nimefunua.

Bugali wa muhogo, mweupe kama ukuta wa wodi.
Lengalenga iliyochemka hadi ikasahau rangi yake.
Na ukingoni sambaza, nikazihesabu, saba,
na vichwa vyake, na macho, na mifupa inayotafunika.
Kumbe vya kujenga vipo!
Basi matofali yanaishia wapi?

Nikakaa kitandani. Mwuguzi akikaa, wodi nzima hunyamaza,
hudhani kuna habari mbaya.
Zihalirwa akamega, akachovya kwenye maji ya mboga.
Akamega, akachovya.
Kisha akamwambia msichana aliyeleta sufuria:
"Nsimire, geuka."
Nsimire akageuka, na mgongoni mwake
Akonkwa, miaka miwili, alikwishaachama.
Moja. Mbili. Zote saba.

"Tangu lini, mzee?"
"Tangu mnilaze. Mimi nilishajengwa, muganga.
Huyu ndiyo kwanza msingi."

Nikatoa mfukoni utepe wa rangi tatu,
nikauzungusha kwenye mkono wa mtoto:
kumi na mbili na nukta moja. Manjano.
Nikambonyeza mguu kwa kidole gumba, nikahesabu hadi tatu.
Nilipoachia, ngozi ikarudi.
Nikapumua.

Ningeweza kumsomea ubao wa Jumamosi ile.
Nikamuuliza badala yake, yeye mbeba saruji,
kama amewahi kuona ukuta ukisimama kwa maji matupu.
Akacheka, akashika mguu, cheko likamuuma.
Tukaanza kupatana bei kama sokoni:
nne zake, tatu za mtoto.
Tatu zake, nne za mtoto, na maharagi jioni.
Kijiko cha mawese juu ya lengalenga, isichemke sana.
Chai isifuate chakula papo hapo, ingoje.
Nsimire akasikiliza kila kitu, kisha akasema,
bila ukali, kama anayetaja jina la mtaa:
"Mawese yaliisha Jumatano."

Hapo kumi na sita kwa ishirini hazikunisaidia.

Nilimwandikia Akonkwa karatasi ya chumba cha mizani,
wanakogawa unga wa soya zikiwepo siku zake.
Sijui kama zitakuwepo.

Kisha nikachukua rula, nikachora mstari
pembeni kabisa, pale karatasi inapokaribia kuisha:
amekula nini.
Nikafikiri, nikaongeza kwa herufi ndogo:
na nani mwingine amekula.

Mkuu wa wodi akapita, akaitazama, hakusema kitu.
Aliondoka na rula yangu.

Kitanda namba nane, sufuria imefungwa
kwa kitambaa cha bluu, mafundo mawili.
"Hodi, mama," nikasema.