Inaelemea Kulia

Mashine yake iko kulia, yote:
silinda, feni, kabureta, mzigo mzima wa chuma.
Kushoto shavu tupu la kutilia vikorokoro.
Wataliana walioiunda Vespa hii
ama siku ile walikuwa na haraka
ama walijua jambo ambalo miye silijui.
Ukilegeza mikono inakwenda kulia,
kama mtu anayetaka kukunong'oneza.

Baba aliinunua Wete, mkono wa pili,
kwa karani wa mahakama aliyehamia Tanga.
Rangi ya maziwa yaliyoingia chai kidogo.
Miaka thelathini na moja kaiendesha
na bega lake la kushoto likashuka,
likashuka msikitini, likashuka mezani,
likashuka hata kwenye picha ya pasipoti.

Nimeirithi pamoja na masharti yake.
Oili ichanganye kwa kifuniko, si kwa macho.
Jeti usiizibue kwa waya, waya hutanua tundu;
tafuta unywele wa mkia wa punda.
Plagi ikilowa usiitukane,
itie kwapani ipate joto,
kisha bismillahi, piga kiki.
Kiki tisa. Ya kumi ni ubishi.

"Spea?" Kombo Shaame alinicheka, gereji kwake Machomane.
"Spea za hii zimeshatangulia mbele ya haki."
Akakata gasketi kwenye boksi la viatu,
akaipaka sabuni ya mche,
na mpaka leo haijavuja.

Nairudisha Wete kwa barabara ya zamani,
ile ya kona juu ya kona.
Msimu wa karafuu nusu ya lami ni majamvi,
unapita ukingoni pole pole
na watoto wanakukodolea gurudumu
usije ukawasagia ada ya shule.
Mlimani gia ya pili, nainama
kama naomba mkopo.
Mteremkoni inakohoa, inasamehe.

Wiki jana shavu la kushoto lilikuwa limeshikana kwa kutu.
Kombo akalipiga patasi
na ndani, ndani ya kipande cha kanga,
limefungwa kwa mpira wa tyubu,
jiwe.

Jiwe la mama la kusagia.
Lile tulilolitafuta miezi mitatu baada ya arubaini yake,
lile tulilomshukia shangazi Time
akasusa harusi yangu
na mpaka leo salamu zake hupitia kwa watu.

Mama hakupanda kama wanaume.
Alikaa upande, buibui kalibana mapajani,
miguu yote miwili kushoto,
mkono mmoja kiunoni kwa baba, mmoja kikapuni.
Na Vespa, naikumbuka, ilikwenda sawa kama rula.
Alipofariki, baba alianguka mara mbili, kona ile ile.
Mara ya tatu hakuanguka.
Tukasema kashazoea. Hatukuuliza.

Nikalinusa. Chini ya oili, bizari.

Kombo kalipima kiganjani.
"Kilo nne, bwana. Unabeba bure, linakula petroli."
Kilo nne!
Mama alikuwa mtu mzima, mnene, wa kucheka mpaka kiti kilie.
Jiwe lile lilimsaidia baba kidogo tu,
kilichobaki alikibeba kwa bega.

"Lirudishe," nikamwambia.
"Na mpira huu umeoza, tia mpya."

Sasa kuna la shangazi Time.
Kesho nitakwenda, sijui nitaanza na neno gani.
Kwa vyovyote mashine nitaizima mbali, kule kwenye duka la mafuta ya taa,
niikokote mpaka kibarazani,
maana mlio huu anaujua,
na akiusikia atafunga mlango.
Kuikokota nayo kazi.
Inaelemea kulia.