Nyongeza

Mbale, saa nne asubuhi. Mvua imeondoka sasa hivi
na soko bado linajipangusa.
Baba ana noti za nchi mbili katika mfuko mmoja.
Anazihesabu akiwa ameupa umati mgongo,
midomo ikimcheza kama mtu wa tasbihi:
"Sifuri hizi, mwanangu. Sifuri hizi zitaniua."
Tumekuwa mamilionea tangu Malaba
na tayari tumefilisika mara mbili.

Mama hana habari na sifuri.
Pua yake imetangulia.
Amewapita wa mitumba, amewapita kuku
waliolala na miguu yao imefungwa
kama wapangaji waliochoka kudaiwa kodi,
amepita maparachichi, sabuni za vipande, betri,
hadi pale penye harufu ya moshi na moto haupo:
malewa.
Machipukizi ya mianzi ya mlimani,
yamening'inizwa juu ya meko ya mtu miezi mingi
mpaka yakawa rangi ya kamba kuukuu.

"Fungu shilingi ngapi, mama?"
Kiswahili chake cha Kitale, kimepigwa pasi.
Bibi muuzaji aliinua macho, akayashusha.
Mikono iliyokuwa ikichambua maharagwe ikasimama.
Wapo watu hapa waliokisikia Kiswahili mara ya kwanza
usiku, mlangoni,
kinywani mwa mtu mwenye bunduki.
Hakuna aliyetuambia.
Tuliisoma kwenye ile mikono.

Mama akachuchumaa, kitenge chake kwenye tope.
Akauliza upya kwa Kibukusu, lugha ya jikoni kwao,
ambayo upande huu wa mlima ina jina jingine
na mwendo uleule.
"Yee!" bibi akapiga kofi. "Kumbe mtoto wa nyumbani!
Mbona ulianza kwa kunipigia saluti?"

Bei haikushuka hata senti.
Undugu kitu kimoja, ada ya shule ya wajukuu kingine.
Lakini alipomaliza kufunga
akachomoa vipande vinne kutoka fungu la jirani
(jirani akitazama, akiguna)
akavisokomeza mfukoni mwetu.
"Nyongeza," akasema.
Neno la Kiswahili hilo, tena zima,
na hakuna aliyeshtuka.

Jioni, Namakwekwe, kwa mama mkubwa Namaemba,
umeme umekatika na hakuna anayeulalamikia.
"Elfu ngapi? Elfu kumi na tano?
Dada yangu, wamekunyoa bila maji!"
Alicheka hadi akashika ukuta.
Kisha akayaroweka malewa, akayachemsha,
akamwaga maji, akayachemsha tena,
akayatia karanga zilizosagwa na magadi kidogo,
na chumba kikawa kizito kwa moshi wa nyumba
ambayo sikuwahi kuingia.

Tulikula sakafuni, mkekani, tukigombania mwanga wa taa.
Wekulo akatafuna, akatafuna,
akauliza ni nyama ya mnyama gani.
"Wa mlimani," binamu akamjibu. "Hakimbii."

Tonge la tatu, Mama akatulia.
Mkono hewani.
"Chumvi," akasema.
Tukadhani imezidi. Mimi nikanyosha mkono kuchukua maji.
"Mama alikuwa akizidisha hivihivi," akasema,
"na ukimwambia, anaongeza."

Nyanya tulimzika Februari.
Mama mkubwa alifika siku ya tatu, basi liliharibika,
akakuta udongo umeshakauka juu.
Hawajalizungumza hilo, siku zote hizi, hata kwa simu.
Hata sasa hakulizungumza.
Alivuta sufuria, akachota upawa uliojaa,
akaumimina kwenye sahani ya mdogo wake bila kuuliza,
akachota mwingine,
na mchuzi ukafurika hadi kwenye mkeka
na hakuna aliyeupangusa.

Ni Baba aliyesema, mdomo umejaa:
"Na mimi je?
Mimi ndiye niliyehesabu zile sifuri."