Saa Tisini na Nne

"Saa ngapi?" akauliza Pybus, mgongo wake kwangu,
akimwaga chai ya jana kwenye nyasi za uwanja.
Nikatazama mkono. Saa tatu kasorobo.
"Si hizo. Za hewani."

Tisini na nne.
Nilizitamka polepole, kama mtu anayehesabu sarafu
mbele ya mwenye duka, akijua hazitoshi.

Ndege yenyewe ilisimama nyuma yake, nyeupe iliyochujuka,
injini mbili, rafadha mbili,
kiti cha rubani kimeshonwa kwa uzi wa mshipi wa samaki.
Dola mia sita kwa saa, mafuta ndani.
Mimi hutengeneza meno ya bandia mjini Launceston.
Nilikwisha kupiga hesabu: taya mbili za juu na daraja moja
kwa kila saa ya kuwa juu.

Akataka kujua ya nini,
ikiwa ile ya injini moja niliyoizoea ipo pale
inakula vumbi kwa nusu ya bei.
Nikamwambia binti yangu Isolde anafundisha kisiwani Flinders.
Juu ya nchi kavu injini moja hunguruma tu.
Juu ya maji hukohoa.
Ni ileile, mafuta yaleyale, asubuhi ileile,
lakini ufuo ukishapotea nyuma ya bawa
sikio huanza kutunga magonjwa.

Alicheka kwa pua.
Bima inataka ishirini na tano za injini mbili,
na leseni yenye muhuri ambao sina.
Ufunguo hautoki.
"Ila kiti cha kulia ni changu. Panda tuone."

Tukapanda. Mto Tamar ukasinyaa ukawa uzi,
mizabibu ikawa mistari ya daftari.
Futi elfu nne, na mimi nikitabasamu kama mjinga,
mkono wake wenye madoa ukashuka kwenye wenzo
ukarudisha mmoja nyuma.

Mshika mbili moja humponyoka, hilo nililijua.
Sikuambiwa kwamba ile inayobaki
ndiyo itakayokupindua.

Pua ikakimbilia kushoto. Bawa likazama.
Injini iliyo hai ilisukuma kwa nguvu zake zote,
kwa nia njema kabisa,
kunizungusha hadi mashambani.
"Mguu upi hauna kazi?"
Sikujua. Nilikuwa na miguu minne.
"Mguu upi?"
Wa kushoto.
"Basi nani amekufa?"
Wa kushoto.
"Sema kwanza, ndipo uguse. Watu huizima iliyo hai."

Goti la kulia likacheza kama cherehani.
Kwenye kipima-mwendo mshale ulishuka kuelekea mstari mwekundu,
na chini ya huo, alisema, hata uwe na mapaja ya farasi
ndege haitakusikiliza.
Nikautafuta wa buluu.
Nikaupata, nikaupoteza, nikaupata.
Shati limenigandia mgongoni,
na Pybus anatazama nje dirishani
kama abiria wa treni.

Chini hakunisifu. Aliandika kitabuni mwangu
saa moja na dakika sita, mwalimu ndani,
akakata risiti, akaenda kumtafuta mbwa wake.
Nilihesabu meno njia nzima hadi nyumbani.

Jioni nikampigia Isolde: Krismasi nakuja kwa meli.
Akasema vizuri, Mama, vizuri sana,
haraka kuliko nilivyopenda.

Usiku mguu wa kulia ulisukuma shuka
mpaka likachomoka chini ya godoro.
Corwin akageuka, macho bado yamefumba.
"Saa ngapi?"
Tisini na tano, nikasema.
Akanyamaza kidogo.
"Asubuhi?"
Na dakika sita, nikamwambia. Lala.