Jedwali la Marekebisho

Kutoka Mabwepande hadi stesheni ya treni: saa mbili na dakika hamsini.
Kutoka stesheni hadi Dodoma: saa tatu na ushee.
Nsajigwa aliyaandika haya juu ya bahasha ya kaki
kabla hatujafika Morogoro,
akasema, hoja yetu ndiyo hii, mengine ni salamu.

Tulikuwa watatu. Yeye, mhasibu mstaafu;
Kidawa, muuguzi wa zamu za usiku;
na mimi, mwalimu wa sarufi
niliyeingizwa Umoja wa Abiria
kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka.

Miaka minne tumejifunza lugha ngeni ndani ya Kiswahili.
Kutengwa si kutoka.
Fedha hutengwa Juni, meza zikagongwa kwa furaha,
kisha ikawekwa ndani kama mwali,
Machi ikaingia haijachungulia hata dirishani,
na ukiuliza unaambiwa mchakato unaendelea.
Unaendelea? Umepanda nini, nikauliza siku moja,
mbona sisi tuko palepale kituoni?
Karani alicheka. Akagonga muhuri: IMEPOKELEWA.
Tunayo mihuri kumi na saba ya namna hiyo.

Nsajigwa ndiye aliyetufundisha kusoma kitabu cha makadirio
kwa kuanzia nyuma, kama watu wanaoanza gazeti na michezo.
Kidole chake kilishuka: fungu, programu, kasma,
kikasimama.
Njia ya mabasi, Mabwepande: mwaka jana sifuri,
mwaka huu kistari.
"Sifuri naielewa," alisema Kidawa,
"aliyeandika sifuri alikuhesabu kwanza.
Huyu wa kistari hakukutazama."

Ndipo ukaja Muswada.
Kifungu cha kumi na tisa: *Wakala anaweza kupeleka huduma
katika kata zilizo pembezoni.*
Nilikisoma kwa tochi ya simu, umeme umekatika,
na kalamu nyekundu ikaenda yenyewe
kana kwamba nasahihisha daftari la Kidato cha Pili.
Anaweza.
Mimi nami naweza kuimba taarabu.
Naweza, si lazima,
na majirani wanashukuru.

Basi hilo ndilo lililotupandisha treni. Neno moja.
Futa "anaweza", weka "atapaswa".

Chumba cha kamati kilikuwa na baridi ya mashine.
Dakika saba, tukaambiwa.
Wa tatu kutoka kulia alikuwa anatafuta chaja.
Nsajigwa akataja tarakimu; kalamu zikaandika, zikachoka.
Kidawa akainuka. Hakutaja kasma hata moja.
Alisema: natoka zamu saa moja asubuhi,
nafika kwangu saa nne, nalala.
Mwanangu ameanza kuchora watu shuleni.
Mimi amenichora nimefumba macho.

Yule wa chaja akaiacha chaja.

Dakika moja ikabaki, wakanisukumia mimi.
Sikuwa na hotuba. Nikasema, Waheshimiwa,
mdeni anayeweza kulipa na mdeni anayelipa,
mwenye duka huwatofautisha
bila kufundishwa na mtu kama mimi.
Mwenyekiti alitabasamu, akatushukuru,
akatutakia safari njema.

Jedwali la marekebisho lilitoka wiki tatu baadaye.
Kidawa alilisoma kwa sauti akiwa amesimama barazani,
sare bado mwilini.
*Kifungu cha kumi na tisa: kufuta neno "anaweza"
na badala yake kuweka neno "atapaswa"* —
tukapiga kelele, mbwa wa jirani akabweka —
"subirini," alisema, "kuna mkia" —
*kadiri fedha zitakavyopatikana.*

Hakuna aliyezungumza.
Nikatazama ule mkia: maneno matatu,
na lile la mwisho limebeba wakati ujao,
kauli ya kutendeka, na hakuna mtendaji.
Sentensi safi. Ningempa alama zote aliyeitunga,
kisha ningemwita ofisini.

Nsajigwa alikwisha kutoa bahasha mpya.
Alitazama saa yake, akakumbuka asubuhi ile, akaandika:
Kutoka Mabwepande hadi stesheni ya treni,
saa tatu na dakika tano.