Pungufu, Viwili

Miaka thelathini na moja nilikagua mizani,
Kariakoo, Tandale, Buguruni,
mawe ya shaba mkobani
na muhuri wa serikali mfukoni.
Nimeona kilo ya sukari yenye gramu mia tisa,
kibaba kilichobonyezwa kitako,
sahani iliyobandikwa sumaku kwa chini.
Mwenye duka akianza kuapa
mimi huinama kuchungulia uvungu wa meza.

Basi Hobokela, mke wa mpwa wangu,
alipokuja Tabata na chupa ya vitamini
nilimwuliza kwanza: uzito halisi, gramu ngapi?
Akacheka. "Mjomba, hii ni afya."
Afya, nikamwambia, sijawahi kuigonga muhuri.

Lakini magoti yalikuwa yanalia kama bawaba,
usiku naamka mara nne,
na tangu tumzike Mwanaidi
asubuhi yangu ni chai ya rangi na redio.
Nikatoa elfu arobaini na tano.
Mimi nilizihesabu mara mbili. Yeye hakuhesabu.

Lebo ilisema vidonge sitini.
Nikavimwaga kwenye ungo:
hamsini na nane.
Tena lakiri ya mdomoni imechanika pembeni.
Nikafungua daftari, nikaandika tarehe,
nikaandika: *pungufu, viwili.*
Kalamu ilifurahi. Na nikiri hilo.

Siku ya kwanza: hakuna.
Siku ya pili: mkojo njano kama jezi ya Yanga,
na mimi ni Simba tangu utoto.
Hela yangu, nikaandika, inapitia chooni.
Siku ya tano: hakuna.
Siku ya sita nilimeza na tumbo tupu,
kichefuchefu kikanikalisha kibarazani
mpaka jua likanikuta.
Nikaisoma lebo upya, herufi kama sisimizi:
baada ya chakula.

Ndipo nikaanza kwenda kwa Mama Tulizo,
chapati na maharage,
papai siku akiwa nalo.
Kwake ni kona mbili na kilima,
na kurudi ni kilima kilekile kwa magoti mengine.
Saa moja na nusu simu inaita.
"Mjomba, umemeza?"
Nimemeza.
"Umekula nini?"
Namtajia. Siku nyingine naongeza yai ambalo sikulila.

Siku ya ishirini na tatu nililala hadi adhana.
Siku ya arobaini niliinama kutafuta kiatu mvunguni
nikainuka bila kushika kitanda.
Nikabaki nimesimama, kiatu mkononi,
kama mtu aliyeibiwa asijue kitu gani.

Haya, pima wewe.
Sahani hii weka kidonge.
Ile weka chapati, kona mbili, kilima,
na ile simu ya saa moja na nusu.
Mimi nimejaribu. Mshale hautulii.

Chupa ilipokwisha akaja, Jumapili, na nyingine.
Nikamtolea daftari, kidole juu ya *pungufu*,
kesi niliyoilea karibu miezi miwili.
Hakubisha. Alikunja pindo la khanga,
akalikunjua,
akasema alivimeza yeye,
siku mbili mfululizo, kabla ya kuniletea.
"Nilikuwa sivijui, Mjomba.
Niliogopa visije vikakudhuru."

Nimetoza faini watu ambao hata sura siwakumbuki.
Niliwahi kunyang'anya mizani ya mama anayenyonyesha,
na usiku ule nikala, nikalala.
Kwenye ukurasa ule, chini kabisa,
pana mstari wa kuandika uamuzi.
Hadi leo ni mweupe.

Vitamini bado siziamini.
Chupa ya pili iko juu ya friji,
lakiri yake nzima,
haijaonjwa na mtu.