Mwombaji Bado Mchanga

Saa saba usiku mtandao umerudi.
Wara Colque anaifungua fomu kwa mara ya tisa,
kurasa arobaini na moja, na juu yake saa
inayohesabu kwa majira ya Geneva, si ya Cochabamba.

Kando ya kompyuta, viberiti sita vimefungwa uzi.
Ndani yake vinchuca, mdudu wa nyufa,
anyonyaye uso wa aliyelala
na kumwachia deni
ambalo moyo utalilipa baada ya miaka ishirini.
Kila kiberiti kina namba ya nyumba, hakina jina.
Ndiyo maadili ya utafiti.
Lakini mwandiko wa Mama Saturnina anaujua:
*juu ya kitanda cha mjukuu, Jumanne.*

Fomu inauliza: umechapisha wapi?
Anaandika: popote nisipolipishwa. Anafuta.
Ni miaka mingapi tangu uzamivu?
Minne, ukitoa ule wa kujifungua.
Kisanduku hakipokei mtoto, kinapokea tarakimu.
Mlezi wako kitaaluma?
Profesa Zenteno, aliyekulia nyumba ya udongo,
aliyetufundisha kusoma picha ya moyo uliopanuka
kwa kutumia picha ya moyo wake.
Marehemu. Kisanduku kinataka baruapepe.

Mwaka jana walimjibu kwa upole,
kama mtu amrudishiavyo mgeni mwavuli wake:
wazo ni zuri, mwombaji bado mchanga.
Na chini, kwa herufi ndogo:
twagharimia ushahidi, hatugharimii ukarabati.

Mchanga!
Alicheka peke yake jikoni hadi mtoto akaamka.
Mchanga ndio hasa alioomba,
mchanga na chokaa na maji ya kukandia,
kuziba kuta za bonde zima la Mizque,
maana wadudu amekwisha kuwahesabu,
na bibi yake aliwahesabu kabla yake,
bila ruzuku, kwa kidole, kwenye mwanga wa kibatari.

Bajeti. Usafiri. Vipimo. Betri za tochi.
Mshale unasimama kwenye *Mengineyo*.
Anaandika: mchanga, lori mbili.
Chokaa, mifuko sitini.
Fomu inadai sababu, maneno yasizidi kumi.
Anayapima kama dawa ya mtoto:

*Ili mwakani nikirudi, nikose cha kuhesabu.*

Anabonyeza. Duara linazunguka, linazunguka.
Ndani ya kiberiti cha nne
kitu kinakwaruza.