Kifungu cha Sita

Mimi ndiye karani wa kumbukumbu.
Sina kura, sina kiti chenye mgongo mrefu.
Nina kalamu, daftari,
na sikio la kulia linalosikia kuliko la kushoto.

Bunge la Jimbo, Lubumbashi, mwezi wa kumi,
joto lile la kabla ya mvua ya kwanza.
Kifungu cha sita: asidi ya batri, soda kostiki
na dawa za kuoshea mawe ya madini
haviuzwi kwa asiyetimiza miaka kumi na minane.

Mheshimiwa Chilufya alisimama, akasema ni haki.
Akamtaja msichana wa Ruashi, jina akalihifadhi,
aliyemwagiwa usoni kwa deni la simu.
Niliandika: *Kimya ndani ya chumba.*
Kimya nacho huandikwa. Kina mstari wake.

Mheshimiwa Kapeshi akauliza: umri tutaupima kwa nini?
Katuba nzima, nani ana cheti cha kuzaliwa?
Kadi ya mchaguzi? Wanangu wawili
walipewa zao kabla sauti hazijawavunjika!
*Kicheko.*
Au muuzaji wa soko la Kenya awe anapapasa ndevu?
*Kicheko.* Na prezida akagonga meza, naye akicheka.

Mama Nshimba hakucheka.
Alisema: mimi nimelelewa na sabuni.
Mama alipika uani, mawese na soda,
nami, wa miaka kumi, ndiye niliyetumwa dukani,
maana miguu ya mtoto hailipiwi nauli.
Mkipitisha hiki, mtafunga mama wangapi?
Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyeguna.
Nilitafuta alama ya kuandikia hilo, sikuipata.

Kisha saa tatu nzima za namba:
kumi na sita, kumi na minane, ishirini na mmoja,
wakivutana kama wanaonunua kitenge
na mwenye duka kaenda kula bukari.

Mimi nilikuwa naangalia meza.
Mbele ya kila mheshimiwa, chupa ndogo ya maji,
kizibo cha buluu.
Ileile inayouziwa asidi, nusu lita, lebo imebanduliwa.
Ileile aliyoikuta Monga, mwana wa dada yangu,
chini ya kitanda cha baba yake,
Jumapili yenye joto kama hili.
Hakununua kitu.
Alikuwa na miaka mitatu, na kiu.

Hadi leo anakula uji tu, kwa kijiko cha chai,
na kila anapomeza, sisi sote mezani tunasubiri.

Niligeuza kurasa za mswada, mbele, nyuma.
Hakuna kifungu cha chupa.
Na karani haombi neno.

Saa saba umeme ukakatika.
Jenereta ilikohoa mara mbili, ikanyamaza.
Batri imekauka, alisema papa Kalunga wa mlangoni,
akamwita Mechak, yule wa karanga, pale kwenye ngazi,
ambaye mkanda wake ni kamba ya kiatu.
Akampa franga: kimbia kwa wale wa magari, nusu lita.
Asante kwa kukimbia, chenji ni yako.
Kisha akanigeukia mimi:
karani, chupa yako imeisha?

Ilikuwa imeisha.

Ndani, gizani, mtu bado alikuwa anasema kumi na minane.
Nilichukua kalamu ya Bunge
nikaandika ubavuni mwa chupa, kwa herufi kubwa,
SI MAJI,
nikakandamiza, nikarudia juu yake.
Wino haushiki plastiki.
Nikampa.

Kwenye daftari niliandika:
*Kikao kimeahirishwa kwa sababu za kiufundi.*

Dirishani nilimwona Mechak akivuka barabara
kati ya pikipiki za wewa, chupa mkononi,
kidole gumba kimechafuka wino
kama cha mtu aliyekwisha kupiga kura.